Nyuma ya Vipimo vya Fundi Simai

Mume wangu Simai alifariki akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani hapo Mlandege. Adhuhuri moja aliinama kwenye kiti chake kama anayetafuta sindano iliyoanguka, na hakuinuka tena. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, nami nina miaka thelathini na mitatu, mtoto sina. Nikaingia eda, nikawa kizuka, na madirisha ya nyumba yetu ya Kikwajuni yakafungwa.

Asiyewahi kukaa kizuka asiniambie kitu juu ya urefu wa siku. Miezi minne na siku kumi hutoki, hujipambi, hujitii hata tone la manukato, na huonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wako. Shangazi yangu Bi Mashavu alikuja kutoka Makunduchi kukaa nami, akaja na mkeka wake, ungo wake na ulimi wake. Asubuhi tulikuwa na wageni wa kike, na mchele wa kuchambua, na visomo. Lakini alasiri, wageni wakishaondoka na shangazi akishajilaza, saa zilisimama. Jua lilipenya kwenye nyufa za dirisha likachora mistari sakafuni, nami nikaitazama mistari ile ikitambaa kutoka mguu wa kitanda mpaka kwenye cherehani ya Simai, ambayo tulirudishiwa kutoka dukani na kuifunika kitambaa cheupe. Mara nyingine niliapa kuwa naisikia inashona.

Pamoja na cherehani walituletea daftari lake la vipimo. Lilikuwa daftari kubwa la jalada jeusi, na humo mlikuwa na vifua, mabega na shingo za wanaume wote wa mtaa wetu, kila mtu na ukurasa wake, upande mmoja tu. Mwishoni zilibaki kurasa kama thelathini hazijaguswa. Mwanzo nilikuwa nalifungua ili nilinuse. Lilinuka chaki na mafuta ya cherehani, na hayo hakuna aliyeniambia kuwa ni manukato.

Baraza ya nyumba yetu iko chini ya dirisha la chumba changu. Enzi za Simai ilijaa watu kila alasiri. Baada ya hitima wote walitawanyika, akabaki mmoja, Karani Masoud, mzee aliyestaafu mahkamani. Nadhani hakuwa na pa kwenda. Zamani gazeti lilipata kutoa hadithi zake tatu, na tangu kabla ya vita alikuwa akiandika kitabu kikubwa. Kitabu hicho tulikisikia tu, kama jamaa aliyehamia Ngazija na akaahidi kuja Idi ijayo.

Wiki ya tatu ya eda yangu akaja mwengine. Huyu jina lake Borafya, muuza vitambaa wa hapo hapo Mlandege, mtu wa makamo mwenye sauti tamu na kikohozi kidogo anachokitoa kila akitaka kusema uongo. Alikuwa amesikia kuwa redio inatafuta hadithi za kusomwa Ijumaa alasiri, na alitaka afundishwe kuandika. Ukweli ni kuwa alitaka jina lake litajwe redioni, lakini hilo halifundishwi.

"Unaandika saa ngapi?" Karani alimwuliza.

"Nikipata nafasi, Karani."

"Basi huandiki. Chukua alasiri, ukishasali. Kaa mahali pamoja, pale pale kila siku, mpaka muadhini wa magharibi aanze kusafisha koo. Ukipata mstari mmoja, umepata. Usipopata, umekaa. Kesho mwili wenyewe utakukumbusha."

Borafya akasema inshaallah, kwa ile inshaallah tunayoijua sote.

Mimi nilikuwa nimekaa ndani, nimelalia ukuta, daftari mapajani. Alasiri ilikuwa ndiyo hiyo. Mahali nilikuwa napo, tena kwa amri ya dini. Nikatafuta kalamu ya risasi ya Simai, nikaichonga kwa wembe, nikafungua ukurasa mtupu wa kwanza. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo nilizofundishwa chuoni nilipokuwa nasoma Kurani. Siku ile nilipata mstari mmoja: *Palikuwa na fundi aliyepewa kitambaa kisichokuwa na ncha.* Nikautazama mpaka ukaingia giza.

Kesho yake mwili ulinikumbusha kweli.

Simai alipokuwa mdogo aliwahi kupanda gari moshi la Bububu, lile lililokwishang'olewa zamani, na hakuna jambo alilopenda kunihadithia kama hilo. Alisema lilipita karibu na nyumba za watu hata wewe uliyemo unaweza kumpokea mtu mkate dirishani. Basi fundi wangu naye nilimpeleka huko. Anashona, uzi unamponyoka, unatoka mlangoni, unapita Mlandege katikati ya miguu ya watu, unaifuata reli. Fundi anaufuata uzi. Harudi. Mkewe anautia uzi baina ya vidole viwili na kuondoka nyuma yake.

Nilikuwa siandiki, nilikuwa natembea. Nilitoka Kikwajuni kila siku nikiwa nimekaa juu ya mkeka. Niliona miembe imesimama ndani ya maji, vituo visivyokuwa na watu, na wanawake walioanika nguo nyeupe juu ya reli wakaniambia fundi amepita sasa hivi, bado vumbi lake halijatua. Adhana ikinirudisha, nilikuta miguu yangu imechoka. Niliona raha, na raha ile ilinitia haya, maana mume wangu alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini.

Huko nje masomo yaliendelea, na mwanafunzi hakuandika hata herufi. Leo kichwa kinamuuma, kesho mgeni kutoka Pemba, keshokutwa karatasi imeingia mchwa. Karani alimfundisha vivyo hivyo. Alimwambia akianza asirudi nyuma kutengeneza, amalize kwanza ndipo afumue. Hilo nilikuwa nalijua kwenye kofia. Mimi hushona kofia za viua vya kudarizi tangu nina miaka kumi, na kila mshonaji anajua kuwa ukikaa kukifumua kiua kimoja kila siku, Idi inafika na kichwa kitupu. Alimwambia aache kazi akiwa bado anajua kinachofuata, asiimalize hamu yake yote, ili kesho asianzie kwenye ukavu. Hilo sikulijua. Nililijaribu, na toka siku hiyo nikawa nalala na sentensi nusu mdomoni kama kashata.

Kisha ikaja alasiri aliyochoka Karani.

"Borafya, wiki sita. Mimi ni mzee, nna kitabu changu cha kuandika. Kesho siji."

Siku ile ndiyo niliyotambua kuwa yule mzee simjui uso wake vizuri, lakini bila ya sauti yake mimi ni mwanamke aliyefungiwa chumbani na cherehani. Nilichana kurasa mbili za mwanzo za hadithi yangu, nikamwamsha shangazi.

"Ukenda kufagia baraza, zitie chini ya busati, pale anapokaa Borafya."

"Una wazimu? Kizuka anapeleka makaratasi kwa wanaume?"

"Hazina jina, shangazi. Hazina salamu. Ni hadithi ya fundi na uzi."

Bi Mashavu alizishika kwa ncha za vidole kama anayeshika panya. Lakini alizipeleka, kabla Karani hajajikusanya kuondoka. Akajifanya anafagia na kulalamika vumbi, akawainua wote wawili na kulikung'uta busati, na Karani akaziona.

"Kumbe umeandika! Mbona unazificha?"

Nikakisikia kile kikohozi.

"Nilikuwa naona haya, Karani."

Nilishukuru na nilighadhibika kwa pumzi moja. Karani alianza kusoma kwa sauti, maana alikuwa akisema usiyoyasoma kwa sauti hujayaandika, na pumzi ikikwama hapo ndipo penye kasoro. Nikasikia maneno yangu yanatoka katika kinywa cha mtu mwengine, yako nje, barabarani, watu wanapita. Yalikwama mara mbili. Niliziwekea alama kichwani sehemu zote mbili.

"Kesho nnakuja," Karani alisema. "Lete nyengine."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, miezi miwili. Kila siku ya tatu shangazi alifagia baraza na kuacha kurasa chini ya busati, na Borafya akazitoa kama zake. Karani alisoma, alifoka, alikata, na mimi nilipokea ndani kila kilichokusudiwa Borafya.

"Umeniambia mara tatu kuwa huyu mke ana huzuni. Huzuni siioni. Nioneshe amefanya nini na kikombe cha mumewe."

Nilikaa na neno lile muda mrefu. Kisha nikaandika kuwa mke yule, kabla ya kuondoka kufuata uzi, alitia chai vikombe viwili, akanywa kimoja, akakimwaga cha pili kwenye mchongoma, na kwamba alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi. Sikubuni kitu hapo. Nililia wakati nakiandika, na Karani alipokisoma aliomba kahawa.

Na Borafya? Borafya alianza kuieleza hadithi. Wapita njia wakisimama, anawafahamisha kuwa uzi ni mfano wa umoja, na mke ni mfano wa nchi. Nchi! Nilitamani kumtupia kinu dirishani.

"Nkatoke nkamvue kile kilemba?" shangazi aliniuliza, macho yanamng'ara. Siku hizo hakuwa akilala tena alasiri. Alikaa na mimi ukutani kusikiliza fundi amefika wapi.

"Utoke useme nini? Kuwa kizuka wa marehemu Simai amekuwa akiwapelekea wanaume makaratasi chini ya busati? Nani atauliza karatasi zilikuwa na nini ndani?"

Alijua kama nijuavyo. Karatasi inayotoka kwa kizuka kwenda kwa wanaume ina maana moja tu mtaani petu, na heshima ya Simai ingezikwa mara ya pili.

Siku tisa kabla ya eda kwisha, Karani alisema, "Hii inatosha redio. Nnainakili kwa herufi za Kizungu mwenyewe, na Jumamosi nnaipeleka. Lete ukurasa wa mwisho, Borafya. Na utazame, usije ukaniletea mume aliyefufuka."

Jumamosi mimi ningekuwa bado ndani. Nikitoka, hadithi itakuwa na mwenyewe mwengine, na jina lake limeshaingia redioni. Nani angeniamini? Mwanamke aliyetoka eda jana, anadai hadithi ya muuza vitambaa.

Siku mbili sikuandika. Nilimkasirikia Borafya, nikamkasirikia Karani kwa uziwi wake, nikamkasirikia na Simai kwa kufa kwake. Siku ya tatu, baada ya kusali alasiri, nilijikuta nimekaa pale pale, kalamu imeshachongwa. Sikumbuki kuichonga. Nikafungua daftari na nikaona kuwa kurasa tupu zimekwisha. Zilizobaki ni zile za vipimo, zenye mwandiko wa Simai upande mmoja na weupe upande wa pili.

Nikaanza kuzifungua moja moja, nikitafuta ya mtu nisiyemjali. Nikapita majirani, wauza samaki, muadhini. Halafu nikafika hapa:

*Karani Masoud. Kanzu ya Idi. Urefu inchi hamsini na sita. Shingo kumi na tano na nusu. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia inchi nzima. Ushonwe hivyo hivyo, asiambiwe.*

Kanzu ile haikushonwa. Tarehe ilikuwa ya wiki aliyofariki. Nilicheka peke yangu chumbani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, maana nilimwona Simai hasa, futi shingoni, anavyomzunguka mzee wa watu na kumsifu mwili wake ulivyonyooka. Kisha nikaugeuza ukurasa, nikaandika mwisho wa hadithi yangu nyuma ya mkono wa Karani.

Niliuandika mara moja, bila ya kufuta. Nikauchana kwa wembe, taratibu, ili usipoteze hata pindo.

"Huu una maandishi nyuma," Bi Mashavu alisema.

"Najua."

Alinitazama, akautazama, akajitanda kanga yake.

Alasiri ile hakukuwa na upepo. Karani alisoma polepole. Mke anafika Bububu, reli inakwisha ndani ya majani. Uzi bado uko vidoleni mwake, unaingia nyuma ya kituo. Anakwenda, anaita jina. Hakuna mtu. Mwisho wa uzi kuna sindano, imelala juu ya chuma cha reli, na alipoiokota aliikuta bado ina moto wa mkono. Basi akakaa chini, akavuta kitambaa mapajani, na akaanza kushona alipoachia mwenziwe.

Nikasikia karatasi inageuzwa, nadhani Karani alitaka kuona kama inaendelea. Shangazi alinishika mkono.

Kwanza Karani alicheka. Kicheko kikakatika, na nikamsikia mzee yule anavuta kamasi kama mtoto.

"Borafya, ukurasa huu umeuandika wewe?"

"Nimeuandika jana, Karani."

"Na upande wa pili?"

"Upande wa pili..." Kikohozi. "Nao pia, Karani."

"Upande wa pili pana mkono wangu, na mwandiko wa Simai."

Makubadhi ya Borafya yaliondoka bila ya salamu. Yalikwenda mbio mpaka kwenye kona, kisha sikuyasikia.

"Hodi," Karani alisema mlangoni.

"Karibu hapo hapo," shangazi alimjibu. "Ndani muna kizuka."

"Nnajua, Bi Mashavu. Shikamoo."

"Marahaba."

Nilisimama nyuma ya pazia. Nilingoja anipe pole, au anikemee, au amwambie shangazi kuwa mambo haya hayafai. Sauti yake ilikuwa ile ile ya ukali niliyoizoea.

"Mwambie mwenye daftari kurasa za kule kwenye miembe zimemzidi urefu. Azikate nusu. Na wale wanawake wa nguo nyeupe, mmoja aseme, wengine wanyamaze. Ana mpaka Ijumaa. Na jina lake aliandike kwa mkono wake, akiridhia. Juu, si chini. Asiporidhia ntaipeleka bila ya jina. Ya Borafya haitakuwa."

"Mengine?"

"Ukurasa huu wa mwisho ntaunakili. Lakini wenyewe siurudishi."

Alipoondoka, shangazi aliingia na zile kurasa nyengine alizorudishiwa, akanikuta nalia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia. Hakunisifu hata kwa neno moja yule mzee. Alinipa kazi ya kufanya mpaka Ijumaa.

Nilikata miembe. Iliniuma kama kukata nywele, na hadithi ikapumua. Mwisho nilitazama nafasi iliyo juu ya ukurasa wa kwanza. Mtaani mimi ni mke wa Simai, kisha kizuka wa Simai, na kabla ya hapo nilikuwa binti wa Shaame. Mamangu alipokufa, nusu ya waliokuja matangani hawakuwa wakilijua jina lake. Shangazi alikuwa nyuma yangu na ungo.

"Watasema," nilimwambia.

"Watasema hata ukipika biriani. Andika, mimi nataka kufagia."

Nikaandika *Mwatima binti Shaame*, kwa mkono mkubwa kuliko kawaida.

Nilitoka eda Jumatano, nikaoga, nikavaa nguo mpya, nikafukizwa udi. Ijumaa ya pili yake nilikuwa kwa jirani yangu Sichana, mwenye redio, tumejaa wanawake kumi na mbili chumba kizima. Sikumwambia mtu kitu. Bwana wa redio alisema jina langu lote na mtaa wangu, na vichwa kumi na viwili vikageuka kwa pamoja. Niliinamisha uso nikaanza kuhesabu maua ya mkeka. Nikajua kuwa ikishamalizika kusomwa nitaulizwa imetokaje ndani, imepita kwa nani, kizuka kajuana vipi na watu wa redio. Majibu nilikuwa nayo na yote yalikuwa mabaya.

Fundi akashona, uzi ukamponyoka. Kwenye kikombe cha chai bibi mmoja aliguna. Bububu ilipofika hapakuwa na aliyekohoa. Sindano ikaokotwa, muziki ukaingia, Sichana akanyoosha mkono akaizima redio.

"Mwatima," alisema.

"Naam."

"Alishona nini?"

Sikufahamu.

"Huyo mwanamke. Alipokaa na sindano ile, alishona nini?"

Wote walikuwa wakiningoja. Macho yao hayakuwa na busati wala Karani ndani yake, yalikuwa Bububu.

"Sijui bado," nilimjibu.

"Basi nenda katutazamie."

Alasiri ilikuwa imeshaingia. Nikaaga, nikavuka njia. Karani alikuwa barazani peke yake, daftari gotini, na hakuinua kichwa. Siku hizo sikumsikia tena akikitaja kitabu chake, nikadhani ameanza kukiandika. Nikamwamkia, nikapita ndani, nikakaa pale pale kwenye mkeka. Safari hii dirisha nililiwacha wazi. Nikafungua nyuma ya vipimo vya muadhini, shingo kumi na sita, nikachonga kalamu.